Yah: Thamani Iliyopungua

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
Tanga.
Jumatatu, baada ya chai.

Kwa Meneja wa Madai.

Ndugu,
rejea barua yangu ya kwanza, ambayo hamkuijibu,
na ya pili, mliyoijibu kwa simu,
binti mwenye sauti ya asali akiniuliza:
"Babu, gari si limeshatengenezwa?"

Limetengenezwa. Sikatai.
Fundi Kaniki wa Gofu si mbabaishaji:
ameunyosha ubavu, ameziba, amepiga msasa,
amechanganya rangi mara nne mpaka akaipata
ile ya samli iliyoungua kidogo.
Bili mmelipa. Ahsanteni. Risiti ninayo.

Lakini Mwalimu Shemweta,
ambaye kabla ya lori la chokaa kunibamiza pale Pongwe
alikuwa ananipa milioni nane na nusu, taslimu,
amekuja juzi,
akaizunguka Raumu yangu kama anayemzunguka mbuzi wa Idi,
akagonga mlango wa kulia kwa kifundo cha kidole: ko.
Akagonga wa kushoto: bu.
Akachutama, akachungulia uvungu, akajipangusa magoti.
"Limeguswa hili."
Milioni sita na laki mbili.
Akasema huku anautazama ukuta.

Ndugu Meneja,
miaka ishirini na tisa nilikuwa karani wa shehena
bandarini hapa, enzi za katani.
Robota likidondoka majini tulikuwa tunaliopoa,
tunalianika siku tatu, linakauka kau,
ukilishika huwezi kudhani liliwahi kuogelea.
Nyuzi zile zile. Uzito ule ule, kwa ratili.
Lakini mpimaji alilifungua, akanusa,
akaandika: daraja la tatu.
Na bima ya shehena ikailipa tofauti,
wala haikuniuliza, "Karani, si limekauka?"

Basi mimi sidai bodi, sidai taa, sidai rangi.
Nadai hiyo tofauti,
iliyo kati ya ko na bu:
milioni mbili na laki tatu.

Mkaguzi wenu, kijana Mbelwa, alikuja,
akapiga picha kumi na moja, zote za upande mzima,
akaniambia kwa upole, mkono kifuani,
"Mzee, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."
Kweli, mwanangu, nikamjibu,
lakini koleo lililoungwa
hata mhunzi mwenyewe haliuzi bei ya jipya.
Akacheka. Akaandika kitu. Sikuonyeshwa.

Na kwa kuwa karatasi bado ina nafasi:
mke wangu, Bi Mwanamkasi, alikuwa kiti cha mbele siku ile.
Bombo walimshona juu ya nyusi, nyuzi sita, kazi safi,
huwezi kuliona kovu mpaka akasirike.
Sasa hukaa nyuma.
Sokoni, arusini, matangani, nyuma yangu, kulia,
mkono umekamata kishikio,
na mimi mbele peke yangu kama dereva wa kukodi.
Tukifika Pongwe huacha kuzungumza katikati ya neno,
na neno lile halimalizii.
Hilo silidai. Nimeipekua fomu yenu, kurasa nne,
hakuna kisanduku chake.
Naliandika tu. Ndivyo nilivyofundishwa kazi:
kilichodondoka huandikwa, hata kama hakilipwi.

Naambatisha ripoti ya trafiki, risiti ya Kaniki,
na bei ya Mwalimu Shemweta kwa mwandiko wake
(nimembembeleza kwa vikombe viwili vya kahawa).

Nitafika Jumatatu ijayo, saa tatu.
Nitakuja na gari.
Naomba ushuke ngazi, Ndugu Meneja, uje bila miwani,
uugonge mlango wa kushoto wewe mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Zuberi Mntangi,
karani mstaafu.